Mchezo wa Kiwelisi Uliofungwa Kinywa

Iko desturi moja tusiyoipenda, nayo ni kumwalika mgeni nyumbani kisha kumkataza asinene. Watu wengi watajibu ya kuwa hawajaiona kamwe. Sisi tumeiona, wala si nyumbani mwa mtu mkorofi, bali katika ukumbi wa kanisa, mbele ya watu wastaarabu wapatao mia moja, walionunua tikiti zao na kuketi kwa adabu. Mgeni mwenyewe alikuwa mchezo wa kuigiza.

Wakati ule tulikuwa katika mji mmoja wa Uingereza, usio mbali na mpaka wa Welisi, kwa ajili ya masomo ya ualimu. Mji ule una chama cha wapenda michezo, yaani watu waigizao bila mshahara: mwuza dawa, karani wa benki, walimu wawili watatu, mke wa daktari, na vijana wenye sauti nzuri. Jina la chama hatulitaji, maana hatutaki kuwaaibisha watu waliotupa chai na mikate mitamu wakati wa mapumziko, wakatuuliza habari za kwetu kwa moyo mwema. Twanena juu ya kazi yao tu. Walitangaza ya kuwa wataonyesha mchezo mashuhuri wa Welisi, The Corn is Green, uliotungwa na Emlyn Williams. Na sisi tukiupa jina la Kiswahili tungesema Nafaka Ingali Mbichi. Ulipokwisha, watu walipiga makofi muda mrefu. Nasi tulipiga, kwa kuwa mkono hufuata mikono mingine. Lakini tulipofika njiani tukaanza kuyaonea haya makofi yale.

Kwa ajili ya wasomaji wasioupata mchezo huu, yafaa tusimulie kisa chake kwa ufupi. Bibi Moffat, Mwingereza asiyeolewa, mwenye elimu kubwa na ukali wa kutosha, arithi nyumba katika kijiji cha wachimba makaa ya mawe huko Welisi, mwishoni mwa karne ya 19. Awakuta watoto wakishuka mashimoni wangali wadogo, aazimia kufungua shule. Bwana mkubwa wa kijiji, mwenye ardhi, ampinga. Bibi yule yu karibu kukata tamaa na kufunga mizigo yake, ndipo asomapo insha ya kijana mmoja mchimba makaa, Morgan Evans, iliyoandikwa kwa Kiingereza cha kuparuza. Na katika maneno yake juu ya giza la shimoni atambua ya kuwa hiki ndicho alichokuwa akikitafuta. Jina la mchezo latoka katika insha hiyo. Basi amfundisha miaka miwili bila kupumzika. Ambembeleza bwana mkubwa kwa sifa asizostahili ili asaidie. Na mwisho kijana ashinda nafasi ya masomo katika Chuo Kikuu cha Oxford. Lakini katikati ya safari kijana ameasi, amelewa, amezaa na Bessie, binti wa mpishi wa nyumba. Mwalimu amchukua mtoto yule amlee yeye mwenyewe, ili baba yake apate kwenda zake. Kijana aenda. Mwalimu abaki na mtoto mchanga, na darasa lamngoja.

Williams hakuyatoa haya hewani. Alizaliwa mwaka 1905 katika Flintshire, kaskazini ya Welisi, katika nyumba iliyonena Kiwelisi, na Kiingereza alikipata baadaye. Mwalimu wake katika shule ya Holywell, Sarah Grace Cooke, ndiye aliyemtambua, akamfundisha na kumsukuma hata akaingia Oxford. Mchezo ulipoonyeshwa mara ya kwanza London mwaka 1938, Williams mwenyewe alikuwa Morgan Evans, na Sybil Thorndike alikuwa mwalimu. Mwaka 1945 ukafanywa sinema huko Marekani. Tangu hapo vyama vya wapenda michezo vimeuchukua na kuuchezesha katika kumbi zisizo na idadi, maana una wanawake wengi wa kuigiza, una machozi, una kicheko, na kila mtu aliwahi kuwa na mwalimu.

Sasa na tulieleze kosa lenyewe. Katika maandishi ya Williams wanakijiji hunena Kiwelisi. Si wakati wote. Lakini maneno ya Kiwelisi yamo, na nyimbo za Kiwelisi zimo, na mengi yake mtazamaji Mwingereza huyasikia asielewe. Chama kile kiliyatoa yote. Tulikuwa tumenunua kitabu cha mchezo, tukawa tukikifuata kwa kidole katika mwanga hafifu wa viti vya nyuma, kama mtu ahesabuye kuku wake asubuhi baada ya kicheche kupita. Neno la kwanza halipo. La pili halipo. Mahali pa wimbo palikuwa na mashine iliyofichwa nyuma ya pazia, ikivuma sauti za kwaya isiyotamka neno. Na ili watu wasisahau ya kuwa hawa ni Wawelisi, waigizaji walivaa lafudhi kama watu wavaavyo kofia za sikukuu: sauti ilipanda ikashuka, ikapanda ikashuka, kama mtu asukumaye baiskeli milimani, na kila mchimba makaa alipofumbua kinywa ukumbi ulicheka. Tukiri ya kuwa kijana mmoja alifanya hivyo kwa ustadi mwingi. Ndiyo sababu alichekwa kuliko wote.

Baada ya mchezo tulimwuliza kiongozi wao kwa nini. Hakukasirika. Alisema, "Hapa hapana anayejua Kiwelisi, na watu wangechoka."

Jibu hili tumelifikiri sana, tukaona ya kuwa ndilo shauri lote. Watu wangechoka kwa muda gani? Ukiyakusanya maneno yote ya Kiwelisi ya mchezo ule hayazidi dakika chache. Mtu awezaye kukaa jioni nzima juu ya kiti cha mbao aweza kuzivumilia dakika chache za kutoelewa. Tena twathubutu kusema ya kuwa dakika hizo ndizo zawadi aliyoletewa. Maana watoto walioketi mbele ya Bibi Moffat hawakukosa kuelewa dakika chache, bali asubuhi nzima, na juma zima, na mwaka mzima. Williams alikuwa mtoto wa lugha ile. Alipokua, akiwa na jukwaa la London mkononi, aliwachukua Waingereza waliovaa vizuri akawaketisha kidogo mahali pa mtoto wa Kiwelisi: wasikie watu wakinena na kucheka, wasijue kama wanachekwa wao au mtu mwingine, kisha akawarudishia Kiingereza chao, wakashusha pumzi. Ni ujanja wa upole sana, nasi hatujui njia nyingine ya kumfundisha mtu mzima jambo hili kwa muda mfupi hivyo. Mwondolee mtazamaji dakika zile, naye atakuwa amekaa jioni yote upande wa mwalimu, juu ya kiti cha mwalimu, akiwatazama wajinga.

Wala hasara haiishi hapo. Kijana ambaye tangu pazia lilipofunguliwa anena Kiingereza tu, ijapokuwa cha kuchekesha, anajifunza nini kwa miaka miwili? Kusafisha lafudhi? Basi kazi ya mwalimu yote, usiku na mchana, yawa kazi ya dobi. Na siku ile aasipo, alewapo, akamwambia mwalimu wake maneno makali, watazamaji waona nini? Waona mtoto asiye na shukrani. Hawakusikia lugha aliyokuwa akiwaachia wenzake kila alipopanda ngazi moja, kwa hiyo hawajui alikuwa akilipa kwa fedha gani. Bibi mmoja aliyeketi kando yetu alitikisa kichwa wakati ule akanong'ona ya kuwa vijana ndivyo walivyo. Hatumlaumu. Alikuwa ameonyeshwa mchezo mwingine.

Mwalimu yeyote aliyefundisha darasa la kwanza kwa lugha isiyo ya nyumbani amekwisha kumwona Morgan Evans. Yuko yule aketiye nyuma, anayejulikana kuwa mwerevu uwanjani na mtoni na mbele ya mbuzi wa baba yake, lakini darasani ni jiwe. Mwalimu apita huandika katika daftari la taarifa ya kuwa ni mzito. Siku moja, kwa bahati, asikia yule mzito akiwasimulia wenzake jambo kwa lugha yao, na wote wamezunguka wamekodoa macho. Mwalimu aliyeyasikia hayo hawezi tena kuustahimili mchezo wa Bibi Moffat usio na Kiwelisi, maana ni kama kuambiwa ya kuwa lile daftari la taarifa lilisema kweli.

Hapo ndipo tufikiapo neno ambalo si la waigizaji peke yao. Mtu akiutazama mchezo uliokatwa namna ile huondoka akiamini ya kuwa Welisi ilikuwa gizani mpaka bibi Mwingereza alipokuja na baiskeli na vitabu. Habari za kweli si hizo. Kuanzia mwaka 1731 hata alipokufa mwaka 1761, mchungaji Griffith Jones wa Llanddowror aliendesha shule za kuhamahama: mwalimu alikaa kijijini miezi michache wakati wa baridi, akawafundisha watoto mchana na watu wazima usiku kusoma Biblia kwa Kiwelisi, kisha akahamia kijiji kingine. Maelfu kwa maelfu ya wakulima walijua kusoma hivyo, katika zama ambazo wakulima wengi wa Ulaya walitia alama ya msalaba mahali pa sahihi. Baada yake Thomas Charles wa Bala akazieneza shule za Jumapili. Kwake yeye, yasimuliwa, alikwenda msichana Mary Jones mwaka 1800, kwa miguu, bila viatu, maili kama 25, apate kununua Biblia ya Kiwelisi kwa fedha alizoziweka miaka mingi. Uhaba wa Biblia kwa watu wa namna ile ndio uliomfanya Charles aende kuwasihi Wakristo wa London, na matokeo yake ni Chama cha Biblia cha mwaka 1804, ambacho baadaye kiliwachapia Waafrika wa pwani na bara Biblia za Kiswahili. Wasomaji wetu wenye Biblia hizo rafuni wana deni kwa lugha ambayo chama cha michezo kilisema ingewachosha watu.

Kisha ikaja aibu. Serikali ya Uingereza ilituma mabwana watatu waikague elimu ya Welisi, na taarifa yao ilitoka mwaka 1847. Hapana hata mmoja wao aliyejua Kiwelisi. Waliwahoji watoto kwa Kiingereza, wakaona hawajibu, wakaandika ya kuwa ni wajinga. Wakaongeza ya kuwa lugha yao ni kizuizi cha maendeleo na hata cha tabia njema. Mwaka 1854 R. J. Derfel aliwajibu, na jibu lake, wasomaji waangalie, lilikuwa mchezo wa kuigiza, aliouita Brad y Llyfrau Gleision, maana yake Usaliti wa Vitabu vya Buluu, kwa rangi ya majalada ya taarifa ile. Hata leo Wawelisi huitaja taarifa ya 1847 kwa jina alilolitia Derfel. Lakini katika shule kadhaa kilikuwako tayari kibao cha mti kilichotiwa herufi za marufuku: mtoto aliyenena Kiwelisi alivishwa shingoni, akakaa akitega sikio amnase mwenzake akimpe, na aliyekutwa nacho jioni alichapwa.

Sisi tuliosoma katika Afrika ya Mashariki hatuhitaji kuchorewa picha ya kibao kile. Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 1986 jinsi mtoto aliyenaswa akinena Kikuyu shuleni alivyovishwa bati. Na wako miongoni mwetu waliovaa kitu cha namna iyo hiyo kwa ajili ya Kiswahili, katika shule ambazo hatutazitaja, kikitoka shingo hata shingo mpaka kengele ya jioni. Tulipoketi katika ukumbi ule, tukimsikia Morgan Evans asiyenena neno la nyumbani kwao, tulijua ni nini tulichokuwa tukikitazama. Hawakumvika kibao. Walikwisha kumfanya asihitaji kuvikwa.

Kusema kweli, mchezo wenyewe una kipofu chake. Williams hatuonyeshi shule za Jumapili kama zilivyokuwa kweli. Na kwake mlango wa elimu ni Oxford tu, ingawa tangu mwaka 1872 palikuwa na chuo kikuu Aberystwyth, kilichosaidiwa na senti za wakulima, wachimba makaa na wavunja mawe, zilizokusanywa makanisani. Kijana wa kijiji cha Morgan angaliweza kusikia habari zake. Mtunzi aliandika kwa watu wa London, akawapa mlango walioujua. Lakini hiyo ni sababu ya kuyashika zaidi maneno machache ya Kiwelisi aliyoyaacha ndani, wala si sababu ya kuyatupa. Ndiyo dirisha pekee lililobaki katika ukuta ule.

Wako watakaotuambia ya kuwa twadai makubwa kwa watu wadogo. Mwaka 2022, watasema, National Theatre ya London iliuonyesha mchezo huu na kuwaweka jukwaani wachimba makaa waimbaji, na Williams mwenyewe akaigizwa kama mtu aukumbukaye utoto wake. Lakini hao wana fedha, na hawa wana mwuza dawa na karani wa benki. Kisingizio hiki ndicho kitukerachon kuliko vyote, kwa kuwa katika nchi zote za Ulaya tuzijuazo hapana iliyopata tamthilia yake kutoka kwa wapenda michezo kuliko Welisi.

Na tukumbushe. Katika miaka ya 1880 wanakijiji wa Trefriw waliigeuza riwaya ya Daniel Owen, Rhys Lewis, kuwa mchezo, wakauzungusha. Na mwaka 1887 wazee wa Wamethodisti wa Kikalvini, walipokutana Corwen, wakatoa azimio la kuwakataza watu wao mambo hayo. (Wasomaji wetu wazee watatabasamu, hata kwetu kulikuwa na mchungaji aliyekuwa akisimama mlangoni usiku wa ngoma kuhesabu vichwa vya wakristo wake.) Katazo halikufaa kitu. Baada ya miaka michache mchezo ulikuwa ukichezwa katika vyumba vya makanisa yale yale. Mwaka 1902, katika mkutano wa Eisteddfod wa Bangor, David Lloyd George aliwahimiza Wawelisi kuijenga tamthilia ya taifa lao. Mwaka 1911 Lord Howard de Walden alitoa tuzo ya pauni 100 kwa mchezo bora, na J. O. Francis akaishinda kwa mchezo wake Change. Mwaka 1913 W. J. Gruffydd akatoa Beddau'r Proffwydi, na walioucheza walikuwa wanafunzi. Kati ya vita viwili vikuu vijiji vilishindana kwa michezo kama vishindanavyo kwa mpira. Hapakuwa na mwigizaji wa mshahara katika habari hizi zote. Walikuwa wachimba makaa waliotoka shimoni jioni, wakaoga, wakala, wakaenda kukariri. Walimu walikuwa wengi. Watu hao walikuwa na nafasi ndogo kuliko mwuza dawa wa siku hizi, na hawakusema, "Sisi ni wapenda tu, msituangalie sana."

Basi tusiambiwe ya kuwa maneno machache ya Kiwelisi ni mzigo usioinulika. Kwaya ya kanisa lile lile huimba Kilatini wakati wa Noeli, wala hapana katika kwaya ile aliyepata kununua samaki kwa Kilatini. Walijifunza kwa sikio, silabi kwa silabi, kwa sababu mwenye kwaya aliona ya kuwa wimbo ule hauimbwi vinginevyo. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2021 watu wapatao 538,000 walikutwa wanajua Kiwelisi katika Welisi, yaani 17.8 kwa kila mia; na mwaka 1901 walikuwa karibu nusu ya watu wote. Lugha imepungua, lakini haijawa ya makaburini. Kutoka mlango wa ukumbi ule mpaka kumpata mtu awezaye kusahihisha matamshi ya waigizaji ni safari ya basi moja. Waigizaji walikuwa na miezi mitatu ya mazoezi. Miezi hiyo waliitumia kujifunza kuchekesha.

Kuna na kundi la pili, lililo upande mwingine wa barabara, nalo hatulifuati. Hawa ni wasomi wasemao ya kuwa mchezo huu usionyeshwe kabisa, maana Bibi Moffat ni mtawala wa kigeni aliyevaa sketi, amnyang'anyaye mtoto lugha yake na kumpeleka kwa wakubwa wake. Mmoja alitutumia barua ndefu juu ya jambo hilo. Tulimjibu tukimwuliza kama amepata kufundisha. Bibi Moffat alitoa nyumba yake, alitoa fedha zake, na alipoisoma insha ile aliona kilichomo asione makosa ya herufi peke yake. Wako walimu wenye shahada mbili ambao hawajafanya hata hilo la mwisho. Alikosea pia. Alimfanya kijana kuwa kazi yake badala ya kuwa kijana. Hakumwuliza anataka nini mpaka alipokwisha kulewa. Mchezo unayajua yote mawili, sifa yake na kosa lake, na uzuri wake ni kwamba haumsaidii mtazamaji kuchagua. Lakini kosa lake hulisikia kwa sikio. Husikika pale kijana anenapo na wenzake jambo asiloweza kulinena naye, naye mwalimu amesimama pale, mwenye vitabu vyote vile, haelewi. Chama kile kilimwondolea Bibi Moffat kosa lake, wakadhani wamemheshimu. Na wale wasomi wanamwondolea sifa yake, wakidhani wamemhukumu. Kazi ya wote wawili ni moja, nayo ni kuufanya mchezo uwe mwepesi wa kubeba.

Twaambiwa mwisho ya kuwa watu walifurahi, na kwamba furaha ya jioni moja katika mji mdogo si kitu cha kuchezea. Twakubali. Paa la ukumbi linavuja, na fedha za tikiti zilikuwa za paa. Hata hivyo, ikiwa ni furaha tu itafutwayo, iko michezo mia ya Kiingereza yenye mjomba kiziwi na mtumishi mjanja, isiyomdai mtu lugha ya jirani yake. Wangecheza mmoja wa hiyo, nasi tungecheka mpaka mwisho, tukaila mikate yao, tukarudi zetu bila kuandika neno. Wao walibandika ukutani karatasi kubwa yenye joka jekundu la Welisi, na chini yake neno "mashuhuri". Aliyebandika joka lile amejifunga.

Mwalimu mwenzetu mmoja, aliyekuwa pamoja nasi jioni ile, hakuafikiana nasi hata sasa. Yeye asema ya kuwa mtoto mmoja aliyeketi mstari wa mbele, aliyeona kijana wa shimoni akishinda mtihani, amepata kitu cha kumfaa maisha yake, kiwe na Kiwelisi au kisiwe. Twamheshimu kwa neno hili, nasi hatuwezi kulipinga lote. Tulimwuliza tu: na kama mtoto yule kwao hunena Kiwelisi? Si jambo lisilowezekana, mpakani pale. Akanyamaza kidogo, akasema hilo hakulifikiri.

Chama kile kimetangaza ya kuwa mchezo utarudiwa, kwa sababu paa bado linavuja. Tumemwandikia katibu wao barua ya adabu, tukamwomba mambo mawili: wayarudishe maneno ya Kiwelisi kama yalivyo katika kitabu, na waizime ile mashine ya nyuma ya pazia, waimbe wenyewe, hata wakikosea. Tukamtajia ya kuwa tumempata bibi mmoja mzee, mzaliwa wa Welisi, mkaaji wa mji ule ule tangu alipoolewa, ambaye yu tayari kuwafundisha matamshi jioni mbili kwa juma bila malipo. Alikuwako siku ile ya mchezo, kiti cha tatu kutoka mlangoni. Hapana aliyekuwa amemwuliza. Jibu la katibu halijafika.